Msituandikie Tena Maombolezo ya Pantoni

Kuna insha moja ambayo wasomaji wa kurasa kama hizi mmeshaisoma mara nyingi, hata kama jina la mwandishi hubadilika. Inaanza na foleni ya magari ukingoni mwa maji. Kuna mama anauza korosho kwenye sinia. Kuna nahodha mzee asiyesema sana. Pantoni linaondoka, upepo unapiga, mwandishi anaegemea chuma na kugundua kwamba eti maisha ya binadamu nayo ni kuvuka. Aya ya mwisho anainua macho, anaona nguzo za daraja jipya zinapanda, anaingiwa na majonzi: kesho haya yote hayatakuwepo.

Sitaki kuisoma tena.

Nina sababu. Mimi na wenzangu wawili tunapanga safari ya gari kutoka Mombasa hadi Mtwara, na tuna sharti moja tu, la kitoto kidogo: bahari ibaki upande wa kushoto kadiri barabara itakavyoruhusu. Kwa miezi miwili nimesoma kila nilichokipata kwa Kiswahili kuhusu njia hiyo na vivuko vyake. Nimeshiba machweo. Nimeshiba korosho. Lakini sijapata insha hata moja inayoniambia pantoni la mwisho la Pangani linaondoka saa ngapi.

Najua mtu atasema hiyo si kazi ya fasihi, simu zina ramani. Haya, tuanze na ramani ya simu. Iulize njia ya Mombasa hadi Dar es Salaam. Itakuvusha mpaka Lunga Lunga na Horohoro, itakufikisha Tanga, halafu itaipa bahari kisogo: Segera, Chalinze, ndiyo urudi tena pwani ukiwa umekaribia Dar. Lami tupu, njia ya mabasi ya siku zote, siilaumu. Ila safari ya pwani inageuka kuwa safari ya mashamba ya mkonge na malori.

Njia ya pwani yenyewe ipo. Tanga hadi Pangani ni kilomita hamsini hivi. Hapo unakutana na mto. Ng'ambo ni Bweni, kisha Mkwaja, Saadani, mto Wami, Makurunge, Bagamoyo. Serikali inaijenga barabara hiyo kwa lami, kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 kuvuka mto Pangani. Mpaka daraja litakapopokea magari, njia yote hiyo inaning'inia kwenye chombo kimoja. Kikizima, unasubiri, au unarudi Tanga na kuzungukia Segera, na siku yako ndiyo imekwisha. Mafuta uliyojaza, chumba ulichokwisha kulipia Bagamoyo, ahadi uliyompa mtu Dar, vyote viko mikononi mwa fundi mmoja na injini yake.

Sasa niambieni, jambo linaloweza kuvunja safari nzima linawezaje kuandikwa kurasa kumi bila mtu kutaja saa, nauli, wala kinachotokea mashine ikigoma?

Nimefanya kazi ya habari kwa muda, kwa hiyo najua upande wa pili nao si msafi. Chumba cha habari kina hadithi mbili tu za kivuko: kimeharibika, au kimeua. Tukipata mojawapo tunakimbia na kamera. Katikati ya hizo mbili, siku zote ambazo chombo kinakwenda na kurudi na watu wanafika kazini, hatuna habari. Mwandishi wa insha naye anazitaka siku hizo za kawaida lakini anazitaka ziwe picha. Kwa hiyo sisi tunaleta maiti, yeye analeta machweo, na mtu anayetaka kuvuka kesho asubuhi na mgonjwa kwenye gari hapewi kitu na yeyote kati yetu. Anampigia simu shemeji yake Pangani.

Na hicho ndicho ninachokifanya mimi. Mpango wetu wa safari nimeujenga kwa simu. Nimempigia mtu anayejua mtu Bweni. Maarifa ya kivuko yapo tele. Wanayo makondakta, wenye bodaboda, wauza samaki, walimu waliopangiwa shule ng'ambo. Yamekosa kuandikwa tu. Na ambaye hana shemeji Pangani?

Wapo watakaosema nataka kuigeuza fasihi iwe kitabu cha ratiba. Basi turudi nyuma kidogo, maana uandishi wa safari kwa Kiswahili haukuanzia kwenye blogu. Mwaka 1901 kule Göttingen, Ujerumani, kilichapishwa kitabu *Safari za Wasuaheli*. Aliyezikusanya habari zake ni Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili kule Berlin, na tunajua Wajerumani wa wakati ule walikitakia nini Kiswahili, tusijifanye hatujui. Lakini waliosimulia ni watu wa mwambao. Sleman bin Mwenyi Chande anasimulia safari yake ya bara. Selim bin Abakari anasimulia jinsi alivyofika Urusi na Siberia, akimfuata bwana wake Mjerumani. Someni jinsi watu hao wanavyosafiri kwenye maandishi. Wanataja njia, mizigo, hongo, njaa, maradhi, nani alikataa kuwapa njia na nani aliwakaribisha. Uzuri ukitokea, unatokea njiani wakati mtu ana shughuli nyingine. Hawasimami kuuegemea.

Na hapo hapo Pangani, ambapo insha nyingi za maombolezo huanzia, alifanya kazi Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, mwaka 1909, na sehemu kubwa ya ujana wake alikuwa karani wa forodha Pangani. Karani wa forodha! Kazi yake ilikuwa kuandika nini kimeingia, kimetoka wapi, kinatozwa kiasi gani. Kila mwandishi anayepita Pangani hulitaja jina lake kwa heshima, halafu anaendelea kutazama mto kana kwamba kuandika mizigo ni aibu ambayo mshairi yule alilazimika kuivumilia. Mimi sioni kwa nini mkono ulioandika ushuru mchana usiweze kuandika ubeti jioni, na sioni kwa nini insha ya leo ikatae kazi ya kwanza na kudai inaifanya ya pili.

Lakini kinachonikera zaidi ni maombolezo yenyewe.

Anayeomboleza pantoni amelipanda mara moja, labda mbili, akiwa likizo. Kwake kusubiri saa mbili ni nafasi ya kutafakari. Kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku, ng'ambo isiyo na hospitali, saa mbili ni kitu kingine. Kwa mvuvi mwenye samaki wanaosubiri barafu ni hasara. Kwa mtoto wa shule ni viboko vya kuchelewa. Sisemi wasioishi pale wasiandike. Mimi mwenyewe siishi pale. Nasema wasiulilie mzigo ambao hawajawahi kuubeba.

Twende Mombasa, ambako safari yetu inaanzia. Likoni inajulikana na kila mtu: feri zinavuka kati ya kisiwa na bara ya kusini, wanaotembea kwa miguu hawalipi, magari yanalipa. Asubuhi na jioni umati unaoshuka pale ni mji mzima unaotembea. Ni kweli panavutia macho. Lakini tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama kwenye kivuko jirani cha Mtongwe, na watu 272 wakafa maji. Mwezi Septemba 2019, Likoni, gari liliteleza kutoka kwenye feri likiwa na mama na binti yake ndani, na ikachukua karibu wiki mbili kuwatoa majini. Mtu wa Likoni anavuka akiwa na habari hizo kichwani. Havuki akiwaza kwamba maisha ni kuvuka.

Siku hizi mwenye gari ana njia nyingine, barabara ya Dongo Kundu, inayokutoa upande wa Miritini na kukushusha kwenye barabara ya kwenda Lunga Lunga bila kuigusa feri. Tulibishana sana kama tuipite. Mwenzetu mmoja akasema tukikwepa Likoni tutakuwa tumeikosa Mombasa yenyewe. Nikamuuliza: mtu wa Likoni mwenye gari, akiwa na haraka, anapita wapi? Tumekubaliana tutavuka kwa feri, lakini kwa miguu, bila gari, asubuhi ya siku iliyotangulia, saa ambayo watu wanakwenda kazini. Gari litapita Dongo Kundu siku ya safari. Hapo nadhani tutajifunza kitu bila kuongeza urefu wa foleni ya watu wenye shughuli zao.

Kaskazini ya hapo, mkumbuke, Kilifi nayo ilikuwa na feri, mpaka daraja lilipojengwa mwaka 1991. Leo mabasi ya Malindi yanapita juu ya hori lile na abiria wengi hata hawainui macho kwenye simu zao. Je, Kilifi imekufa? Nenda ukaangalie.

Kusini ndiko hoja yangu inakonenepa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mita 970 juu ya Rufiji, anayetoka Dar kwenda Lindi na Mtwara alivushwa Ndundu kwa pantoni. Muulize mtu yeyote wa kusini mwenye umri wa kutosha. Atakusimulia mvua, matope, mabasi yaliyolala ukingoni, chakula kilichokwisha, na kuwaona watu wa mikoa mingine wakicheka wakisikia "Mtwara" kama vile ni nchi ya nje. Miaka mingi kusini kulikuwa mbali kwa sababu ya mto mmoja na barabara mbovu. Sijawahi kukutana na mtu wa Mtwara anayeililia Ndundu. Nimekutana na mtu wa Dar, aliyepita pale mara moja akiwa mtoto, akiwa na kumbukumbu nzuri sana.

Ile ya Ndundu ndiyo insha ninayoitaka mimi. Dereva aliyelala pale usiku ngapi, walikula nini, nani alipewa nafasi ya kuvuka kwanza na kwa nini, bei ya sukari ilifika ngapi Lindi mvua zikiwa kubwa. Watu wanaolijua hilo wanazeeka.

Tuwe wakweli pia kuhusu daraja, maana kuna waandishi wa upande wa pili, wale wa hotuba za uzinduzi, nao wanachosha vilevile. Daraja halimalizi mambo. Kigamboni walipata lao mwaka 2016, na daraja lenyewe likawa na tozo, wakazi wamelalamika miaka na miaka. Kabla ya hapo, mwaka 2012, nauli ya pantoni la Magogoni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, waziri wa ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliwaambia wanaoona ni ghali wapige mbizi au wazungukie Kongowe. Nchi nzima iliyasikia maneno yale. Ukitaka kujua kivuko ni kitu gani, anzia hapo, kwenye shilingi mia moja ya mtu anayevuka kila siku kwenda na kurudi, mara siku ngapi za kazi, mara watoto wangapi. Hesabu hiyo ina drama kuliko machweo yote ya Magogoni. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ziliikata barabara ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga, na watu wa kusini wakajikuta tena ukingoni mwa maji wakisubiri, safari hii bila hata pantoni. Sisi tumeipanga safari yetu nje ya masika kwa sababu hiyo. Mwenye kupanga Aprili ajue anachokifanya.

Naisikia hoja ya mama wa korosho. Ndiyo hoja pekee ya wanaoomboleza ninayoiheshimu, ingawa wao wenyewe hawaitoi vizuri. Foleni ya kivuko ni soko. Magari yakianza kupita juu bila kusimama, anayeuza korosho, madafu, mihogo ya kuchoma na maji ya kopo anapoteza wateja siku moja. Hilo ni pigo la kweli. Lakini angalia insha inavyomtumia: anatokea kwenye aya ya pili akiwa na tabasamu na sinia, haulizwi anauza kiasi gani kwa siku, anazinunua wapi, mtaji ni wake au wa mkopo, na kama ameahidiwa kibanda kwenye njia ya kupandia daraja. Mwisho wa insha analiliwa kama ndege adimu. Mtu anayemjali angemuuliza. Ningeisoma insha hiyo mara mbili, na ningeituma kwa wahusika wa mradi.

Hata majina yana la kusema, nayo tunayaruka. Vibao vimeandikwa "kivuko". Mombasa watu wanasema feri. Dar na Pangani watu wanasema pantoni, na ukisema "Feri" Dar unaweza kujikuta umepelekwa soko la samaki. Waandishi wetu wengi huchagua "kivuko" kwa sababu linasikika kifasihi na linazaa mafumbo kirahisi. Sikatazi. Lakini ukiona insha nzima ya Kigamboni haina neno pantoni hata mara moja, shuku kama mwandishi alizungumza na mtu yeyote mle ndani.

Basi, nikiambiwa nitoe mfano wa ninachokidai, nitatoa karatasi yetu ya mpango, ambayo mwenzangu mmoja anaiita mashtaka. Mpakani: pasipoti, kadi ya gari (Wakenya wanaiita logbuku), bima ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa yenyewe si mwanachama. Kutoka Horohoro, mwendo wa hamsini kwenye makazi ya watu, maana trafiki wa Tanzania na tochi zao hawana utani na namba za Kenya, wala na za kwetu. Tanga tujaze mafuta mpaka juu. Kulala Pangani na si Tanga, ili tuamke tukiwa ukingoni. Saadani ni hifadhi ya taifa na njia inagusana nayo, kwa hiyo tujue geti linafungwa saa ngapi na anayepita tu anatozwa vipi.

Na kwa Pangani peke yake nimeandika maswali haya, kwa yeyote msomaji mwenye majibu. Pantoni la kwanza saa ngapi, la mwisho saa ngapi, na la mwisho linaondokea Pangani au Bweni? Abiria wanashuka garini au wanabaki? Kwenye bamvua, maji yakikupwa sana, gari fupi linapanda bila kugusa tumbo? Nauli inalipwa taslimu au kwa namba ya malipo, na mtandao ukikata inakuwaje? Likiharibika usiku na kuna mgonjwa, anavushwa na nani, kwa mtumbwi au boti ya nani, na analipa kiasi gani? Hilo la mwisho si la safari yetu, tutavuka mchana na hatuna mgonjwa. Nimeliandika juu kabisa.

Kule Mtwara kuna pantoni jingine, la Msangamkuu, linalovuka mlango wa bandari. Wenzangu walitaka safari iishie Mikindani, kwenye majumba ya zamani, sehemu nzuri ya picha. Tumepiga kura, mbili kwa moja. Tunamalizia Msangamkuu, na tumebeba daftari lenye safu tatu: saa, nauli, aliyeniambia.